Alice Seeley Harris: Mpiga picha aliyefichua mateso ya Kongo

Mwanzoni mwa mwaka 2014, wageni walioingia katika jumba la maonyesho ya picha la Rivington Place, mjini London, walikuta ukutani picha zilizopigwa Kongo zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo. Aliyezipiga ni Alice Seeley Harris, mwanamke ambaye kwa miaka mingi jina lake lilifunikwa na la mumewe.

Alice alizaliwa tarehe 24 Mei 1870 huko Malmesbury, Uingereza. Mwaka 1898 aliolewa na mmisionari John Harris, na muda mfupi baadaye wakasafiri kwa meli hadi Kongo. Walifanya kazi Baringa, kando ya Mto Maringa, ambao maji yake huishia katika Mto Kongo, kama yanavyoishia maji ya Ziwa Mweru yatokayo Pweto kupitia Luvua na Lualaba. Wakati huo nchi yote hiyo, tangu misitu ya Baringa hadi ufuo unaotazamana na Chienge, ilikuwa milki ya mtu mmoja: Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Huko Baringa ilitawala kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira cha kupeleka. Kijiji kilichopungukiwa kilipelekewa walinzi wenye bunduki. Wanaume walichapwa viboko, wanawake walishikwa mateka, na wengi waliuawa.

Mwezi Mei 1904, Nsala, mkazi wa kijiji cha Wala, alifika misheni akiwa na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa bintiye mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi hao pamoja na mama yake. Alice alimwomba aketi barazani mbele ya mabaki hayo, akampiga picha.

Waliporudi Uingereza, Alice na John walijiunga na kampeni ya Chama cha Mageuzi ya Kongo, kilichoanzishwa mwaka 1904. Walihutubia makanisani na katika kumbi za Uingereza na Marekani, huku picha zikimulikwa kwa taa mbele ya umati. Watetezi wa Leopold waliweza kuyapinga maneno ya mashahidi. Kuzipinga picha kulikuwa kugumu zaidi. Mwaka 1908 mfalme alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Huo haukuwa uhuru, na kazi za shuruti hazikukoma siku ile, lakini milki ya mtu mmoja ilifikia kikomo.

Hata hivyo, mara nyingi picha zilichapishwa kwa jina la John, na ndiye aliyetunukiwa cheo cha Sir mwaka 1933. Alice alifariki Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 100.

Katika maonyesho ya London, picha zake ziliwekwa pamoja na kazi za Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi anayechunguza makovu ya ukoloni nchini mwake. Hapo jina la Alice lilitajwa waziwazi. Lakini sifa si yake peke yake. Kamera ilikuwa mikononi mwake. Ushahidi uliletwa na baba aliyefiwa, aliyefika misheni kudai haki na akakubali kuketi mbele ya kamera. Anayeitazama picha hiyo leo, popote alipo, anapaswa kuyajua majina yote matatu: Alice, Nsala na Boali.