Mchungaji David Kaunda na Kanisa la Wazee

Mpaka waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga: Mpemba na Tunduma zikaangukia upande wa Wajerumani, na Mwenzo, iliyo jirani, upande wa pili. Hapo Mwenzo Wapresbiteri wa Uskoti, wa Misioni ya Livingstonia, walijenga kituo. Na ndipo David Kaunda alipopata nafasi ya kudai haki hadharani.

Hakuwa mzawa wa huko. Alikuwa Mtonga wa Ziwa Nyasa, aliyesomea katika Chuo cha Overtoun. Kati ya 1904 na 1905 alitumwa kwa Wabemba wa Chinsali, akafungua shule na kuhubiri bila Mzungu wa kumwongoza. Mwaka 1913 Robert McMinn aliletwa kusimamia kituo cha Lubwa, na mwasisi akawa msaidizi. Jina la Upresbiteri latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Hata hivyo mzee huyu alingoja hadi 1930 ndipo akabarikiwa kuwa mchungaji. Ni vigumu kuuita ucheleweshaji huo uangalifu tu.

Kanisa hakuliacha. Mwaka 1923 yeye na Donald Siwale, Mnyamwanga, pamoja na wasomi wengine wa misioni, waliunda Chama cha Ustawi cha Mwenzo, kilichowafikishia watawala malalamiko ya wananchi, hasa uzito wa kodi. Kilififia kabla ya 1930, wanachama walipohamishwa.

Kaunda alifariki 1932. Mjane wake Helen, mwalimu, aliachiwa watoto, kitinda mimba akiwa Kenneth, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Zambia mwaka 1964.