Sidi Mubarak Bombay, mkalimani aliyesikia vizuri habari ya Ruzizi

Muulize mtoto yeyote wa Nyamianda: maji ya Ruzizi yanaenda wapi? Atakucheka kwanza. Kisha atakuambia kwamba Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, inapita Bukavu, inateremka bondeni na kuingia katika Ziwa Tanganyika, hapo karibu na mpaka wa Burundi. Hapa Uvira hakuna mtu wa kubishana juu ya jambo hilo.

Lakini kuanzia 1858 mpaka 1871, miaka 13 mizima, wasomi wakubwa wa Ulaya walibishana juu yake. Wengine walitaka Ruzizi itoke ziwani na kwenda kaskazini mpaka igeuke mto Nile. Walichora ramani, walisoma hotuba, walikosana mpaka urafiki ukavunjika. Na kumbe jibu lilikuwa limetolewa hapa hapa Uvira tangu mwaka ule wa kwanza. Mmoja wa watu waliolisikia vizuri alikuwa mkalimani wa msafara, Sidi Mubarak Bombay.

Tunasimulia maisha yake leo kwa sababu muji wetu una vijana wengi wanaosoma sayansi ya jamii. Wengi wao wanaajiriwa kufanya ankete: wanapewa karatasi ya maswali, wanapanda pikipiki, wanaenda kuuliza raia vijijini, kisha wanampa mwenye utafiti majibu. Bombay alifanya kazi ya namna hiyo kabla ya babu zetu kuzaliwa. Tunaweza kumwita mkubwa wao.

Mtoto wa Wayao

Bombay alizaliwa karibu mwaka 1820 kati ya Wayao, katika sehemu ambazo leo ziko upande wa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Alipokuwa na miaka kama 12, wafanyabiashara wa watumwa walivamia kijiji chao kwa kisingizio cha madeni. Akakamatwa, akapelekwa Kilwa, kisha Zanzibar, na huko akanunuliwa na tajiri aliyempeleka India.

Aliishi India miaka mingi. Huko ndiko alikojifunza Kihindustani, na huko ndiko alikopata majina tunayomwita nayo. Sidi ni jina ambalo watu wa India waliwaita Waafrika. Bombay ni jina la muji. Jina alilopewa na mama na baba yake halikubaki katika kitabu chochote.

Tajiri yake alipokufa, Bombay akawa huru. Akarudi Afrika na kuingia katika jeshi la Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1857 alikuwa askari katika kituo kidogo karibu na Pangani, pwani ya Tanzania ya leo. Waingereza wawili wakapita hapo, Richard Burton na John Hanning Speke, waliotumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London kutafuta maziwa ya ndani ya Afrika. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini alikuwa amekaa India kama askari na alisema Kihindustani. Bombay pia alikisema. Basi akaajiriwa. Kwa njia hiyo, mtu aliyeuzwa kama mtumwa akawa masikio na mdomo wa msafara mkubwa.

Siku tisa Uvira

Msafara ulifika Ujiji mwezi wa pili 1858. Wote wawili, Burton na Speke, walikuwa wagonjwa. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, akiona kwa shida. Mwezi wa tatu akavuka ziwa kutafuta chombo kikubwa cha kukodi, na njiani mdudu akaingia katika sikio lake. Akajaribu kumtoa kwa kisu, akajiumiza, na kwa muda mrefu sikio lile halikusikia.

Katika hali hiyo ndipo alipofika kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi wa ziwa, na kukutana na Mwarabu mmoja mfanyabiashara, Hamed bin Sulayim. Chombo hakukipata, lakini alirudi Ujiji na habari iliyowafurahisha sana: Hamed amesema kwamba kule kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Burton akaona tayari ameishika Nile mkononi.

Wakakodi mitumbwi miwili na kupanda kaskazini. Tarehe 26 mwezi wa nne 1858 wakafika Uvira. Wakati ule Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini. Watu walikuja kununua pembe za tembo, nafaka, vyuma, na pia watumwa. Msafara ulikaa siku kama tisa. Burton alikuwa na kidonda kwenye ulimi, hata kusema ilikuwa taabu. Wapiga makasia walikataa kwenda mbele kwa kuogopa watu wa kule kaskazini. Kwa hiyo Burton na Speke hawakuona mdomo wa Ruzizi kwa macho yao.

Lakini walipata jambo lingine. Watoto watatu wa mtawala wa Uvira, ambaye vitabu vinamwita Maruta, walikuja kuwatembelea. Wakaulizwa kuhusu ule mto. Wote wakajibu kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Watu waliosimama pale wakakubali wote. Hakuna hata mmoja aliyesema kinyume.

Burton alivunjika moyo. Akamgeukia Bombay na kumuuliza: sasa yale maneno ya Kasenge yalikuwa nini? Bombay akaeleza kwamba Speke alikuwa ameelewa vibaya. Hamed alisema juu ya mto unaoingia ziwani, si unaotoka. Tena akaongeza jambo moja kubwa: kwa maoni yake, huyo Hamed hakuwahi kupita kaskazini ya Ubwari. Maana yake, habari yake ilikuwa ya kusikia tu.

Mtu mwingine wa msafara, ambaye Ujiji alijigamba kwamba amefika kule kunakotoka mto, sasa akakubali kwamba hajawahi kupita Uvira.

Tutazame vizuri kosa lilipoingia. Mwarabu alisema kwa lugha yake. Bombay akapeleka maneno kwa Kihindustani. Speke akayasikia kwa sikio moja zima, akayaandika kwa Kiingereza. Kati ya kuingia na kutoka kuna neno moja tu. Na yule aliyekuwa akisikiliza alitamani sana neno liwe kutoka.

Jibu linawekwa pembeni

Mwaka 1860 Burton alichapisha kitabu chake juu ya maziwa ya Afrika ya Kati, na ndani yake aliandika kile alichoambiwa Uvira. Hapo alifanya vizuri, kwa sababu hakuficha jibu lililomuumiza. Shida ilikuja baadaye.

Speke alikuwa amefika ziwa la Nyanza, karibu na Mwanza, mwezi wa nane 1858, na Bombay alikuwa naye. Speke akalipa ziwa lile jina la malkia wake, Victoria, na akatangaza kwamba Nile inatoka humo. Hapo alikuwa na haki. Burton hakukubali, na wawili hao wakawa maadui. Mwezi wa tisa 1864, siku moja kabla ya wote wawili kukutana mbele ya wasomi katika muji wa Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda.

Baada ya kifo hicho, Burton akarudi nyuma. Akatetea tena kwamba Ruzizi inaweza kuwa inatoka Tanganyika na kwenda Nile. Hakuwa amerudi Uvira. Hakuwa na shahidi mpya. Alikuwa na ugomvi, na ugomvi ukahitaji mto ugeuke.

Mwezi wa kumi na moja 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley wakaondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomo wa Ruzizi, wakaona maji yanaingia ziwani. Waliosema hivyo miaka 13 kabla hawakukumbukwa. Sifa ya kumaliza ubishi wakapewa hao wawili.

Mtu wa safari nne

Bombay hakuishia hapo. Kuanzia 1860 mpaka 1863 alikuwa na Speke na James Grant: Karagwe, Buganda kwa Kabaka Mutesa, mpaka pale Nile inapotoka ziwani, kisha Misri. Mwaka 1871 alikuwa mkubwa wa askari katika msafara wa Stanley uliomkuta Livingstone Ujiji. Mwaka 1873 akaongoza watu wa Verney Lovett Cameron. Msafara huo uliona Lukuga mwaka 1874, karibu na Kalemie ya leo, ambako ndiko maji ya Tanganyika yanatokea kweli. Kisha ukapita Maniema mpaka Nyangwe, na mwisho wa 1875 ukafika bahari ya Atlantiki. Bombay alikuwa ametembea Afrika kutoka bahari hadi bahari.

Hakuwa malaika. Wakubwa wake waliandika kwamba alipenda pombe, aligombana na wenzake, na mara nyingine alipoteza mizigo. Lakini tukumbuke pia kile walichomfanyia. Speke, kwa sababu ya ubishi wa safarini, alimpiga ngumi mpaka meno ya mbele yakatoka. Miaka kumi baadaye Stanley aliliona pengo hilo. Na Stanley mwenyewe alimpiga pia.

Shirika la London lilimpa medali ya fedha, na mwaka 1876 likampa pensheni ndogo. Alikufa Zanzibar mwaka 1885. Hakuacha kitabu. Yote tunayoyajua juu yake tumeyapata katika vitabu vya waliomwajiri. Ghuba upande wa Mwanza inaitwa Speke mpaka leo. Kisangani iliitwa jina la Stanley mpaka 1966. Bombay alibaki katika kurasa za ndani.

Na leo je?

Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda IRSAC, taasisi ya utafiti kwa Afrika ya Kati. Makao yake yalijengwa Lwiro, katika Kabare, na Uvira ikapata kituo cha kuchunguza ziwa. Leo tuna CRSN Lwiro na kituo cha hidrobiolojia hapa Uvira, CRH. Bukavu kuna CERUKI kwenye ISP, na vituo vingine katika vyuo vikuu. Utafiti si jambo la kigeni tena hapa kwetu.

Lakini malalamiko ya Bombay hayajaisha. Mwaka 2020 watafiti wa Kivu na wenzao wa Ulaya walitoa mfululizo wa maandishi uitwao Bukavu Series. Ndani yake, watu wanaofanya ankete walieleza kazi yao: maswali yanakuja tayari yameandikwa mbali, hatari ya njiani inabaki kwao, na ripoti ikitoka majina yao hayaonekani. Hilo ni jambo la haki, lakini ni jambo la ubora pia. Anayeuliza raia ndiye wa kwanza kujua kama swali limeeleweka, kama jibu ni la kuona ao la kusikia, kama mtu amejibu kwa woga. Ukimnyima nafasi ya kusema, unachapisha kosa lako mwenyewe.

Kwa hiyo kituo cha utafiti kisipimwe kwa jengo lake na gari lake tu. Tukiuliza kituo chochote, kiweze kutuambia: nani alikwenda kuuliza? Kwa lugha gani, Kivira, Kifuliiru, Kibembe ao Kiswahili? Aliyejibu aliona mwenyewe? Jibu lililokataa mawazo ya mkubwa liliandikwa, ao lilitupwa? Na matokeo yalirudi kusomwa mbele ya wale walioulizwa?

Kijana wa Nyamianda anayetoka kesho asubuhi na karatasi za maswali mkononi, asijione mdogo. Akirudi na jibu ambalo msimamizi wake hakulitaka, asilibadilishe. Watoto wa Maruta hawakubadilisha lao, na Ruzizi bado inaingia ziwani.