Frederick Jones: Fundi aliyeweka baridi kwenye lori

SAMAKI wa Chisenga huvushwa kwa boti hadi Nchelenge, kisha hupakiwa kwenye magari kuelekea masoko ya mbali. Chisense hukaushwa juani, lakini samaki wabichi hutaka barafu, na barafu ikiyeyuka njiani mtaji umekwenda. Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya fundi Frederick McKinley Jones ajulikane.

Jones, Mmarekani mweusi, alizaliwa mwaka 1893 karibu na mto Ohio. Alibaki yatima akiwa mtoto, akaacha shule mapema na kujifunza ufundi gereji. Mwaka 1912 alihamia Hallock, Minnesota, akawa fundi wa mitambo ya shamba. Mambo ya umeme alijisomea mwenyewe. Baadaye aliajiriwa Minneapolis na Joseph Numero, mfanyabiashara wa vifaa vya sauti vya sinema.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, msafirishaji aliyefahamiana na Numero alipoteza shehena ya kuku baada ya barafu kuyeyuka. Jones akaunda mtambo wa kupoza lori uliostahimili mitikisiko ya barabara. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Thermo King. Katika Vita Kuu ya Pili mitambo yake ilihifadhi chakula, dawa na damu.

Kwa mwenye gari, faida iko pia kwenye mafuta. Mwaka 1949 Jones alipata hataza ya kifaa kinachowasha injini ya mtambo joto likipanda na kuizima likishuka, hivyo injini haiungurumi bure safari nzima.

Hata hivyo, kwenye joto lenye unyevu kama la Mweru msimu wa mvua, mtambo una kazi mbili: kupoza hewa na kuikamua maji. Kilo 1 ya mvuke ikigeuka maji hutoa joto la karibu uniti 0.7 za umeme, na joto hilo lazima litolewe nje. Maji hayo yakiganda kwenye mabomba, hewa hupita kwa shida na dizeli huliwa zaidi. Kwa hiyo samaki wapozwe kabla ya kupakiwa, mpira wa mlango usipitishe hewa, na mlango ufunguliwe mara chache.

Jones alifariki Minneapolis mwaka 1961 akiwa na hataza zaidi ya 60. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilimtunuku nishani ya taifa ya teknolojia, miaka 30 baada ya kifo chake.