Fundi Breguet na Saa ya Akrabu Moja

Juma lililopita niliketi mbele ya meza ya fundi saa mmoja pale Kitengela, kando ya barabara kuu iendayo Kajiado mpaka Namanga. Nilikuwa nimempelekea saa yangu ya kutia ufunguo, ambayo ilikuwa ikichelewa dakika kumi kwa siku. Kwa mtu wa pwani aliyehamia huku bara, ambako misikiti iko mbalimbali na si kila nyumba inayofikiwa na adhana, dakika kumi si jambo dogo. Sala humpita mtu hivi hivi.

Kabla ya zamu yangu, kijana mmoja aliweka mezani saa kubwa ya rangi ya dhahabu aliyoinunua kwa mchuuzi wa njiani. Uso wake ulikuwa na tundu lililoonyesha kigurudumu kidogo kinachozunguka, na chini yake limeandikwa jina la Breguet. Fundi alipoifungua mgongo tulikuta betri. Kile kigurudumu kilikuwa pambo tu, hakikuwa na kazi yoyote. Kijana alinyamaza kimya. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja na saa yake kutoka Kajiado akauliza kama huyo Breguet alikuwa mtu kweli, au ni jina la duka tu. Swali hilo la mzee ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Na swali lenyewe limekuja kwa wakati wake. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, mabingwa wa saa hukutana mjini Geneva, Uswisi, kuchagua saa zilizo bora miongoni mwa zile mpya za mwaka huo. Tuzo kubwa kuliko zote huitwa, kwa lugha yetu, Akrabu ya Dhahabu. Mwaka 2025 tuzo hiyo ilikwenda kwa saa ya kutia ufunguo iliyotolewa na nyumba ya Breguet, na saa hiyo ina akrabu moja tu. Haina ya dakika wala ya sekunde. Wengi walishangaa, maana mashindano hayo yamejaa saa zenye kalenda, kengele na mwezi unaoandama. Lakini umbo la saa hiyo lilibuniwa zaidi ya miaka 200 iliyopita na mtu ambaye jina lake liliandikwa katika ile saa ya bandia pale Kitengela. Ili tujue kwa nini lilichaguliwa, hatuna budi kumjua mwenyewe.

YATIMA WA NEUCHÂTEL

Abraham-Louis Breguet alizaliwa tarehe 10 Januari 1747 katika mji wa Neuchâtel, ambao siku hizi umo katika nchi ya Uswisi. Wazee wake walikuwa Waprotestanti wenye asili ya Ufaransa, waliokimbia huko kwa sababu ya dini yao. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja baba yake alipofariki. Mama yake aliolewa na jamaa wa marehemu, Joseph Tattet, ambaye alikuwa mtu wa kazi ya saa, na hivyo ndivyo mtoto yatima alivyoingia katika ufundi huo.

Alipotimiza miaka kumi na mitano, mwaka 1762, alipelekwa Ufaransa kujifunza kazi. Mchana alikaa na mafundi, na jioni alisoma hesabu mjini Paris kwa padri mmoja aliyeitwa Marie. Faida ya masomo yale ilionekana baadaye. Mafundi wengi wa zama zile walijua kutengeneza kwa mkono kile walichoonyeshwa, ama Breguet alijua pia kwa nini saa huenda mbele na kwa nini huchelewa.

Mwaka 1775 alioa na akafungua karakana yake mwenyewe mjini Paris, kwenye gati ya mto Seine ambayo kwa bahati njema iliitwa Gati ya Saa. Mkewe hakudumu. Alifariki mwaka 1780, akamwachia mtoto wa kiume, Antoine-Louis. Breguet hakuoa tena. Alimlea mwanawe, akashika kazi.

Katika miaka ile ile alianza kutoa saa zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa msaada wa kipande kizito kinachocheza ndani. Mwaka 1783 alibuni waya mwembamba uliokunjwa kuzunguka mashine, ukawa badala ya kengele, ili saa ya mfukoni iweze kugonga kwa sauti nzuri bila ya kuwa nene. Msomaji anayeamka usiku wa manane gizani atafahamu manufaa yake: katika zama zisizo na umeme, mtu alibonyeza tu na kusikia ni saa ngapi. Baadaye alitengeneza hata saa ya kusomwa kwa kupapasa kwa vidole.

MALKIA ASIYEIONA SAA YAKE

Sasa tufike kwenye kisa ambacho watu wa saa hawachoki kukisimulia. Mwaka 1783 ofisa mmoja wa walinzi wa Malkia Marie Antoinette aliagiza kwa Breguet saa kwa ajili ya malkia huyo. Masharti yalikuwa ya ajabu. Iwe na kila ufundi uliojulikana duniani katika saa, dhahabu itumike badala ya madini mengine kila inapowezekana, na wala pasiwe na mpaka wa gharama wala wa muda. Yaani fundi atumie fedha apendavyo na achukue wakati apendao.

Muda ndio uliokosekana. Mwaka 1789 mapinduzi yalizuka Ufaransa, na tarehe 16 Oktoba 1793 malkia akakatwa kichwa. Breguet naye alikuwa hatarini, kwa kuwa wateja wake wakubwa walikuwa watu wa kasri. Yasimuliwa kwamba aliponea kwa hisani ya Jean-Paul Marat, mmoja wa vigogo wa mapinduzi, ambaye asili yake ilikuwa karibu na Neuchâtel na ambaye Breguet aliwahi kumwokoa mikononi mwa kundi la watu wenye hasira. Marat alimsaidia kupata kibali cha kusafiri. Mwaka 1793 Breguet aliondoka Paris, akarudi katika nchi aliyozaliwa.

Hebu tufikirie hali yake. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na sita, kazi ameiacha nyuma, na wateja wake wamekufa ama wametawanyika. Aliporejea Paris mwaka 1795 alikuta watu waliozoea kununua saa za bei kubwa hawapo tena kama zamani, na waliobaki hawakuwa na imani na biashara yoyote. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lapita ile saa ya malkia.

AKRABU MOJA

Mwaka 1797 alitangaza saa ya namna mpya. Ilikuwa kubwa, rahisi kusomeka, imara, na yenye akrabu moja. Baina ya saa na saa aliweka alama za dakika tano tano, hata mwenye jicho zuri aliweza kukadiria wakati kwa kosa la dakika moja au mbili. Vipande vya ndani vilipunguzwa, ili kisichokuwepo kisiharibike, na fundi yeyote wa mjini aweze kuitengeneza.

Malipo nayo yalipangwa vizuri. Mnunuzi alitoa robo ya bei wakati wa kuagiza, na zilizobaki alizilipa atakapopokea saa yake. Fedha za robo ndizo zilizoendesha karakana. Biashara hiyo husimama juu ya amana peke yake: mtu anatoa fedha leo kwa kitu ambacho hakijaundwa. Breguet hakuwavunja, na takriban saa 700 za aina hiyo zilitoka mikononi mwa watu wake.

Umaarufu ukazaa wezi wa jina. Kina Breguet bandia walijaa Ulaya kama walivyojaa kando ya barabara zetu. Tangu mwaka 1795 hivi alikuwa ameanza kuchora sahihi ndogo ya siri kwenye uso wa saa, isiyoonekana ila mtu akiigeuza kwenye mwanga. Kadhalika kila saa alipewa namba na kuandikwa katika vitabu vya mauzo, pamoja na jina la mnunuzi. Mali bila daftari huisha bila habari, na yeye alilijua hilo. Vitabu vyake vingali vinatumika kupambanua saa ya kweli na ya uongo.

Mwaka 1798, kabla ya kuivamia Misri, Napoleon alinunua kwake saa tatu. Na katika miaka hiyo hiyo balozi wa Dola ya Uthmaniya mjini Paris, Esseid Ali Effendi, alikuwa rafiki yake na akamfungulia mlango wa Istanbul. Breguet akaunda saa maalumu kwa soko la Waturuki, zenye tarakimu kama zile tulizojifunza chuoni. Wenyewe huko walihesabu saa kuanzia kuchwa kwa jua, wakiziweka sawa kila magharibi, jambo ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa.

Tarehe 26 Juni 1801 alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wake mashuhuri kuliko wote, uitwao turbiyoni. Saa ya mfukoni hukaa wima kutwa, na uzito wa dunia huvuta gurudumu lake la mizani upande mmoja, ikaharibika hesabu. Breguet aliiweka mizani pamoja na viungo vyake ndani ya kizimba kinachozunguka chenyewe, ili makosa ya upande huu yafutwe na makosa ya upande ule. Kile kigurudumu cha pambo katika saa ya yule kijana kilikuwa kikiiga kitu hicho.

Mwaka 1810 Malkia wa Naples, Caroline, dada yake Napoleon, alimwagizia saa ya kuvaa mkononi, na hiyo huhesabiwa miongoni mwa saa za mkono za mwanzo kabisa. Baadaye Breguet aliteuliwa kuwa fundi wa saa za manowari za Ufaransa, akaingizwa pia katika Chuo cha Sayansi. Alifariki tarehe 17 Septemba 1823, akazikwa mjini Paris.

Na ile saa ya Marie Antoinette? Ilikamilika mwaka 1827, miaka minne baada ya fundi kuiaga dunia na miaka 34 baada ya malkia kuuawa. Hakuiona aliyeagizwa wala hakuiona ikikamilika aliyeianza. Baada ya kupita mikono mingi iliwekwa katika jumba la makumbusho ya sanaa za Kiislamu mjini Baitul Makdis. Mwaka 1983 iliibwa pamoja na saa nyingine, na ilipatikana baada ya miaka zaidi ya ishirini, mwizi akiwa ameshakufa.

UCHAGUZI WANGU

Saa iliyoshinda mwaka 2025 imefuata umbo la ile ya 1797: uso mweupe, akrabu moja, na ikijazwa huenda siku nne. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, yatosha kununua kiwanja pembezoni mwa Kitengela. Tena ni ya dhahabu, na sisi wanaume tunajua hukumu ya kuvaa dhahabu. Kwa hivyo hata ningelikuwa na fedha hizo, isingelinifaa. Lakini zile za asili zilitolewa za fedha vilevile, na kama ningeulizwa, uchaguzi wangu ungekuwa mmoja wa hizo. Yule aliyeagiza kila kitu bila ya mpaka hakupata hata kuishika. Waliotoa robo ya bei kwa akrabu moja walipata saa zao, wakazitumia, na baadhi zingali zinakwenda.

Fundi wa Kitengela aliisafisha yangu, akatia mafuta kidogo, akaniambia nirudi baada ya siku tatu ikiwa bado inachelewa. Yule mzee nilimjibu kwamba Breguet alikuwa mtu, tena mtu wa kazi. Akatia saa yake ufunguo, akaitazama, akaenda kutafuta gari la Kajiado.