Maria Montessori: Daktari aliyemtazama mtoto kabla ya kumfundisha

KATIKA shule nyingi za chekechea kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kutoka Embu hadi Meru, mtoto wa miaka minne hujifunza kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, mbegu za maharagwe na vijiti. Mwalimu mwema humwachia avipange mwenyewe, avivuruge, kisha aanze upya. Leo jambo hilo huonekana la kawaida. Lakini zaidi ya karne moja iliyopita, shule nyingi za Ulaya zilimtaka mtoto akae kimya, asikilize na kukariri. Miongoni mwa walioubomoa ukuta huo alikuwa daktari wa kike kutoka Italia, Maria Montessori.

Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870, katika mji mdogo wa Chiaravalle. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali aliyeshikilia desturi za kale. Mama yake, Renilde, alikuwa mpenda vitabu na ndiye aliyemtia moyo bintiye kila milango ilipofungwa. Akiwa msichana mdogo alijiunga na shule ya ufundi iliyojaa wavulana, akitamani kuwa mhandisi. Baadaye alibadili nia akataka udaktari, taaluma iliyohesabiwa kuwa ya wanaume.

Katika Chuo Kikuu cha Roma alikumbana na vikwazo vingi. Haikuonekana vyema mwanamke apasue maiti mbele ya wanaume, basi ikambidi afanye kazi hiyo peke yake jioni, wenzake wakishaondoka. Hakukata tamaa. Mwaka 1896 alihitimu, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza nchini Italia kupata shahada ya udaktari. Mwaka huohuo alihudhuria kongamano la wanawake mjini Berlin, na huko akatetea haki ya mwanamke kulipwa ujira sawa na mwanamume kwa kazi iliyo sawa.

Kazi yake katika kliniki ya magonjwa ya akili ndiyo iliyomfikisha kwa watoto. Alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa katika hifadhi za vichaa, bila kitu cha kushika wala cha kuchezea. Wengine waliwaona kuwa watoto wasiofaa kitu. Yeye aliona kwamba mikono yao ilikuwa na njaa ya kazi. Alisoma maandishi ya madaktari wawili Wafaransa, Jean Itard na Edouard Séguin, akatengeneza vifaa vya kugusa, kupanga na kulinganisha, akaanza kuwafundisha. Baadhi yao walifaulu mitihani ya kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida.

Watu walimsifu kwa muujiza huo. Yeye alibaki na swali gumu zaidi. Ikiwa watoto hao waliweza kufikia kiwango cha wenzao wenye afya, je, shule za kawaida zilikuwa zikiwafanyia nini hao wenye afya hata wasiende mbali zaidi?

Katika miaka hiyo hiyo alipatwa na jambo lililomwachia jeraha la maisha. Mwaka 1898 alimzaa mtoto wa kiume, Mario, na baba yake alikuwa daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Wawili hao hawakuoana. Kwa sheria na desturi za wakati ule, mwanamke aliyezaa nje ya ndoa angepoteza kazi na heshima yake. Mtoto akapelekwa kulelewa na familia moja mashambani, na mama yake akawa anamtembelea bila kujitambulisha. Mwanamke ambaye angeifundisha dunia namna ya kumtazama mtoto alikosa kumwona wake akikua. Ni baada ya mama yake, Renilde, kufariki mwaka 1912 ndipo Mario, akiwa kijana, alipokuja kuishi naye. Tangu hapo hakutengana naye kwa muda mrefu, akawa msaidizi wake mkuu hadi mwisho.

Nafasi ya kujibu swali lake ilitokea Januari 6, 1907. Katika San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Roma, kampuni moja ilikuwa imekarabati majengo ya kupangisha. Wazazi walipokwenda vibaruani, watoto ambao hawajafika umri wa shule walibaki wakizurura na kuchafua kuta. Wenye majengo walitafuta mtu wa kuwakusanya katika chumba kimoja ili wasiharibu mali. Montessori alikubali. Watoto wapatao 50 wakaingia humo, wengi wao wakiwa waoga na wenye nguo chakavu. Mahali hapo pakaitwa Nyumba ya Watoto.

Hakuajiri mwalimu mwenye cheti. Alimchukua mwanamke wa kawaida, akampa vifaa na kumwagiza asiwalazimishe watoto lolote. Kisha akaanza kufanya walichofanya wanasayansi: kutazama na kuandika. Siku moja alimwona msichana wa miaka mitatu akitia vipande vya mbao vya mviringo katika matundu yake, akivitoa na kuvirudisha. Akawaambia wengine waimbe na kucheza. Msichana hakuinua macho. Akamnyanyua na kiti chake. Mtoto akakumbatia mbao zake na kuendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha kwa furaha, kama aliyeamka kutoka usingizi mtamu.

Tukio hilo lilimfunza kwamba mtoto mdogo ana uwezo wa kuzama katika kazi kuliko watu wazima wanavyodhani, mradi kazi hiyo ameichagua mwenyewe na inalingana na umri wake. Hapo akaagiza meza na viti vidogo ambavyo mtoto angeweza kuvibeba. Rafu zikashushwa hadi kimo cha watoto. Zawadi na adhabu zikaondolewa, kwa kuwa watoto hawakuzijali. Herufi zikakatwa kwa karatasi ya msasa ili kidole kizipapase kabla jicho halijazisoma. Baada ya muda mfupi watoto wa miaka minne na mitano wakaanza kuandika.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni nafasi aliyowapa wazazi. Nyumba ya Watoto ilikuwa ndani ya jengo walimoishi, na mama aliweza kupita wakati wowote kuona kinachoendelea. Kanuni zake ziliwataka wazazi wawalete watoto wakiwa safi, na mama afike kuzungumza na mwalimu angalau mara moja kwa wiki. Kwa Montessori, shule ya watoto wadogo haikuwa mahali pa kumtua mtoto kama mzigo. Ilikuwa mali ya jamii nzima.

Sifa zake zilienea upesi. Mwaka 1909 alichapisha kitabu kuhusu mbinu yake, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Mwaka 1913 alialikwa Marekani, na mwaka 1915 darasa lenye kuta za vioo lilijengwa katika maonyesho ya San Francisco ili umati uone watoto wakifanya kazi. Upinzani nao haukukosekana. Wasomi, akiwemo Mmarekani William Kilpatrick, walidai kuwa vifaa vyake vilimbana mtoto na kumnyima nafasi ya kubuni. Wengine walimlaumu kwa kutaka kudhibiti kila mafunzo yaliyotolewa kwa jina lake. Lawama hiyo haikukosa msingi, kwani yeye na Mario walipounda Shirika la Kimataifa la Montessori mwaka 1929, nia mojawapo ilikuwa kulinda mbinu hiyo isibadilishwe.

Siasa nazo zilimtia majaribuni. Benito Mussolini alipotawala Italia aliziunga mkono shule zake, na Montessori akaupokea msaada huo kwa miaka kadhaa. Ni doa ambalo watetezi wake hawajaweza kulifuta. Lakini wafashisti walipotaka walimu waape utiifu na watoto walelewe kwa ajili ya vita, mambo yaliharibika, na kufikia mwaka 1934 shule hizo zilikuwa zimefungwa. Nchini Ujerumani, utawala wa Hitler nao ulizifunga. Aliyekuwa akiishi Hispania alilazimika kukimbia mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, akapata hifadhi Uholanzi.

Mwaka 1939 alikwenda India kufundisha walimu. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na Waitaliano waliokuwa katika makoloni ya Uingereza wakageuka maadui. Wakati wamisionari Waitaliano waliokuwa Kenya wakizuiliwa, huko India Mario alitiwa kizuizini na mama yake akawekewa mipaka ya kutembea. Serikali ilimwachilia Mario Agosti 1940, mama alipotimiza miaka 70. Walibaki India hadi baada ya vita, wakafunza walimu zaidi ya 1,000.

Aliporejea Ulaya mwaka 1946 alihubiri kwamba amani hujengwa utotoni. Alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, 1950 na 1951, ingawa hakuipata. Mnamo Mei 6, 1952, akiwa Noordwijk aan Zee, Uholanzi, alikuwa akizungumzia safari ya kwenda Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, kufunza walimu. Mario alihofia afya yake. Muda mfupi baadaye alifariki, akiwa na umri wa miaka 81. Safari ya Afrika ikabaki nia tu.

Miezi mitano baada ya kifo chake, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Kuanzia mwaka 1954 familia nyingi za Wakikuyu, Waembu na Wameru zilihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Mama walipotolewa kwenda kwenye kazi za lazima, watoto wadogo walikusanywa mahali pamoja ili walishwe na kutunzwa. Hivyo baadhi ya vituo vya mwanzo vya watoto katika sehemu hizo vilizaliwa kwa sababu inayofanana na ile ya San Lorenzo: watu wazima walitaka watoto wasiwe kizuizi.

Baada ya uhuru, wananchi walivichukua vituo hivyo kwa moyo wa harambee. Wazazi walijenga vibanda, wakachanga uji na kumlipa mwalimu kwa kadiri ya uwezo wao. Mwaka 1984 kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea kiliundwa katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya vikaanza. Walimu walihimizwa kutengeneza vifaa kwa vitu vya kijijini na kutumia hadithi na nyimbo za lugha ya mama. Haiwezi kusemwa kuwa yote hayo yalitoka kwa Montessori. Kabla hajazaliwa, mama wa Kiembu na Kimeru alimpa mtoto kibuyu kidogo aende naye mtoni, akajifunza kwa kushiriki.

Utafiti uliofanywa Embu katika miaka ya 1980 ulilithibitisha wazo hilo kwa njia nyingine. Wataalamu waliwatazama watoto majumbani mwao, wakaona kuwa wale waliozungumzishwa mara kwa mara, na ambao sauti zao ziliitikiwa, walifanya vyema zaidi katika majaribio ya akili walipofika miezi 30. Kati ya 1998 na 2000, katika shule 12 za wilaya hiyo, watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri iliyoongezwa nyama, maziwa au mafuta, na kundi moja halikupewa chakula hicho. Waliokula nyama walipiga hatua zaidi katika jaribio la kufikiri, na uwanjani walikuwa wachangamfu na wepesi wa kuwaongoza wenzao. Mtoto hawezi kushiriki kwa tumbo tupu.

Masomo hayo hayajapoteza uzito. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2003, baadhi ya wazazi waliwatoa watoto chekechea, ambako karo ilibaki, wakisubiri darasa la kwanza. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu hiyo kwa serikali za kaunti, zikiwemo Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza shule za umma kumtahini mtoto kama sharti la kumpa nafasi. Hata hivyo, mazoea hayafi kwa sheria pekee. Wako wazazi wanaopima ubora wa chekechea kwa wingi wa kurasa alizojaza mtoto, na walimu wanaojikuta wakiwaridhisha.

Kuna kinaya katika urithi wa Montessori. Mbinu iliyozaliwa kwa watoto wa vibarua imekuwa, katika miji mingi ya dunia, alama ya shule za wenye uwezo, na vifaa vyake huuzwa kwa bei ghali. Lakini kilichoibadilisha San Lorenzo hakikuwa mbao zilizopakwa rangi. Ni mtu mzima aliyenyamaza kidogo, akamtazama mtoto na kumpa nafasi ya kurudia kazi yake hadi atosheke. Hicho hakinunuliwi Roma. Mwalimu wa chekechea kijijini, mwenye kopo la mbegu za maharagwe na watoto walioshiba, anaweza kukifanya.