Pasaka Tano za Shekhar Mehta

Kwa desturi kurasa hizi za kitabu cha kumbukumbu ya hekalu letu hutolewa kwa watakatifu, kwa wafadhili, na kwa wazee waliotangulia kuwasha taa mahali hapa. Mara hii tumeomba nafasi ya kumwandika dereva. Wako watakaoona kwamba mbio za magari, pamoja na vumbi na kelele zake, si habari ya kuwekwa karibu na madhabahu. Nasi hatubishani nao, ila tunawaomba wavumilie. Marehemu Shekhar Mehta alikuwa mtoto wa nyumba ya Kihindi ya Afrika Mashariki, na yaliyompata alipokuwa na umri wa miaka 27 yanazigusa nyumba nyingi za waumini wetu. Yanawagusa pia majirani zetu, wale ambao siku moja waliamka wakakuta duka la jirani limefungwa na mwenyewe hayupo.

Jina lake kamili lilikuwa Chandrashekhar. Wanaosali hapa hawahitaji kufafanuliwa, lakini kwa ajili ya majirani tuseme kwamba hilo ni mojawapo ya majina ya Shiva, na maana yake ni yule mwenye mwezi kichwani. Alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 nchini Uganda, katika ukoo wa Mehta wa Lugazi. Mkubwa wa ukoo huo, Nanji Kalidas Mehta, alitoka pande za Porbandar huko Gujarati akiwa bado mvulana, akaanza na biashara ndogondogo, na mwaka 1924 akasimamisha kiwanda cha sukari pale Lugazi, kando ya barabara iendayo Jinja kutoka Kampala. Ndiye pia aliyetoa fedha za kujengea Kirti Mandir, jengo la ukumbusho lililo ubavuni mwa nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi. Kijana Shekhar, basi, hakuzaliwa katika shida.

Tunalisema hilo waziwazi kwa sababu sifa zikizidi huficha ukweli. Alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 21, na gari lake la kwanza la mashindano lilikuwa BMW. Mtoto wa mkata miwa wa Lugazi, hata kama angejaliwa mikono na macho ya namna ile ile, asingepata gari la kuanzia. Wakati huohuo, upande wa Kenya, Joginder Singh wa Kericho alikwisha kufika kileleni kwa njia nyingine kabisa, njia ya ufundi wa magari, akishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mali ilimpa Mehta mlango wa kuingilia, lakini huko ndani kulikuwa na tope, na tope halimwulizi mtu baba yake ni nani.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na hilo halikuwa bahati mbaya: waandaaji walitaka mvua. Madereva walikwenda maelfu ya kilomita kwa siku nne au tano, usiku na mchana, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili yao. Mbele yao wangeweza kukuta basi, kundi la ng'ombe, au lori lililolala upande. Kila dakika ya kuchelewa kufika kituo cha ukaguzi ilihesabiwa kuwa pointi ya adhabu, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yakawa tena saba.

Msomaji wa mbali atashangazwa na hesabu hizo. Sisi wa Ipinda hatushangai. Hatudai kwamba Shekhar Mehta aliwahi kufika kwetu, lakini barabara itokayo Kyela kupita hapa kwenda Matema imekwisha kuwafundisha adabu madereva wengi katika mwezi wa Aprili, na aliyewahi kuketi juu ya magunia ya mpunga akingoja maji ya mto yapungue anajua kwamba katika tope mwenye haraka hutangulia kukwama. Ujuzi wa kuusoma udongo kabla gurudumu halijaugusa, wa kujua ni wapi pa kukaza mwendo na wapi pa kulilegeza gari lipite lenyewe, ndio uliokuwa ujuzi wa Mehta. Walikuwapo waliomzidi mbio. Waliomzidi kulifikisha gari nyumbani walikuwa wachache mno.

Kampuni ya Datsun ya Japani iliutambua ujuzi huo mapema. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 25, alimaliza Safari katika nafasi ya pili kwa gari la Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la aina hiyohiyo. Mwaka uliofuata, 1972, Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Kwa miaka karibu ishirini wenyeji walikuwa wakijisifu kwamba hakuna mgeni awezaye kuwashinda katika njia zao, na sasa sifa hiyo ilikuwa imevunjika.

Neno hilo, wenyeji, ndilo lililokuja kumgeukia.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Kufikia tarehe 8 Novemba makumi ya maelfu walikuwa wamekwisha kwenda, kila mmoja na sanduku lake, wakiwaachia wengine nyumba, maduka, mashamba na makaburi au majivu ya wazee wao. Ukoo wa Mehta, pamoja na kiwanda chake na miwa yake, haukusazwa. Shekhar akavuka akaingia Kenya, na tangu hapo akahesabiwa kuwa dereva wa Kenya.

Hapa tunaomba tutue kidogo, kwa kuwa jambo hili halikuwa la Uganda peke yake. Kwetu Tanzania hapakuwa na Amin, na tunashukuru. Lakini sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwafanya wengi wa watu wetu wafunge milango na kuelekea Uingereza, Kanada au India. Serikali ilikuwa na sababu zake, na wapo majirani ambao hata leo wataziona kuwa za haki. Mwenye nyumba na mpangaji hawaoni jambo moja kwa jicho moja. Tunachotaka kusema ni kwamba katika miaka ile mtu wa asili yetu, aliyezaliwa hapa na kuota meno hapa, alilala akijiuliza kama yeye ni mwenyeji au ni mpita njia. Wengine walilijibu swali hilo kwa kuondoka. Wengine walijibu kwa kubaki, na baadhi yao ndio tunaosimama nao katika sala.

Miezi mitano na nusu baada ya siku ile ya mwisho ya Amin ikaja Pasaka ya mwaka 1973. Kwa mara ya kwanza Safari ilikuwa sehemu ya michuano mipya ya ubingwa wa dunia wa mbio hizi, kwa hiyo macho ya dunia nzima yalikuwa hapa. Mehta aliketi katika 240Z pamoja na msoma ramani wake, Lofty Drews. Mpinzani aliyebaki naye hadi mwisho alikuwa Harry Källström wa Sweden, naye pia akiwa katika Datsun, mtu aliyekwisha kushinda mbio kubwa za Uingereza mara mbili. Baada ya siku zote zile na usiku wote ule, hesabu zilipofungwa, wawili hao walikuwa na pointi za adhabu sawasawa. Hapakuwa na tofauti hata ya dakika moja. Ikabidi kanuni ya kuvunja usawa itumike, na kanuni ikampa Mehta.

Akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa magari ya namna hii. Tumeliandika neno Mwafrika kwa makusudi, tukijua kwamba wapo waliolikataa wakati ule na wapo watakaolisoma mara mbili leo. Miezi michache kabla yake, serikali ya nchi aliyozaliwa ilikuwa imemwambia kwamba si wa huku.

Miaka mitano iliyofuata hatutakaa nayo sana. Joginder alishinda tena mara mbili, mwaka 1974 na 1976, wakati ambapo mbio zilikuwa zimebaki ndani ya Kenya na jina lake limefupishwa kuwa Safari Rally. Ove Andersson, Björn Waldegård na Jean-Pierre Nicolas wakachukua Pasaka nyingine. Mehta aliendelea kushiriki, hapa na ng'ambo, bila kuupata tena ushindi huo.

Kisha ikaanza ile minne ya mfululizo. Mwaka 1979, mwaka 1980, mwaka 1981 na mwaka 1982, kila Pasaka, Shekhar Mehta na msoma ramani Mike Doughty walirudi Nairobi wakiwa wa kwanza. Magari yao hayakuwa ya kutisha. Datsun 160J, na baadaye Violet GT, yalikuwa ndugu wa karibu wa yale magari ya kawaida ambayo karani au mwenye duka angeweza kuyanunua na fundi wa mtaani akayatengeneza. Mwaka 1979 nyuma yake alikuwa Mikkola katika Mercedes kubwa. Mwaka 1980 na 1981 wa pili alikuwa mwenzake wa timu, Rauno Aaltonen wa Finland, dereva hodari ambaye Safari ilimnyima ushindi maisha yake yote. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl, na huyo mwisho wa mwaka alitawazwa bingwa wa dunia. Siri yake, kama ni siri, ilikuwa kwamba hakulichosha gari. Aliwaacha wenye haraka watangulie, akijua kwamba kabla ya usiku wa pili atawakuta wameinama chini ya magari yao wakiwa na tochi.

Jumla ikawa mara tano, na hadi tunapoandika hajatokea aliyezipita.

Katika mashindano mengi ya nchi za nje aliyemsomea ramani hakuwa Drews wala Doughty. Alikuwa mkewe, Yvonne. Tumewasikia akina mama wa jumuiya yetu wakisema kwa mzaha kwamba hiyo ndiyo ndoa ya kweli, mke akieleza njia na mume akitii bila kujibu. Nasi tunauandika mzaha huo bila kuongeza neno.

Mwaka 1987, katika mbio za Mafarao huko Misri, jangwani, gari lake lilipata ajali mbaya iliyokaribia kumwua. Alipona, lakini siku zake za kushindana zilikoma pale. Akageukia uongozi, na katika miaka yake ya mwisho aliongoza kamisheni ya mbio hizi katika shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kiti ambacho mtu kutoka nchi zetu hakutarajiwa kukikalia. Ni katika zama hizohizo za uongozi wake ambapo, baada ya mwaka 2002, Safari iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia kwa upungufu wa fedha na wa maandalizi. Wapo waliomnung'unikia. Sisi tunaona kwamba aliyeketi mezani pale si mwenye meza, ingawa tunakiri kwamba hatukuwamo chumbani. Mbio hizo zilirejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, zikiwa fupi zaidi, zikifanyika pande za Naivasha katika barabara zilizofungwa, pasipo basi wala kundi la ng'ombe.

Yeye hakuyaona hayo. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Ilikuwa Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa Kuu: juma lilelile ambalo, katika miaka yake, magari yalikuwa yakipangwa Nairobi na kila dereva akitazama mawingu.