Nash Buckingham: Mkali wa shuti la mbali aliyejua pia kuacha

KWENYE soka, shuti la mita 35 likipaa juu ya goli mashabiki wanazomea, kipa anaweka mpira chini, mechi inaendelea. Kwa Nash Buckingham haikuwa rahisi hivyo. Yeye alipiga marisau, na shuti baya lilimwacha bata mwitu na majeraha ya kumuua taratibu.

Mmarekani huyo alizaliwa Memphis mwaka 1880. Mwaka 1902 alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Lakini kilichompa jina ni uwindaji wa bata kwenye bonde la Mto Mississippi, na vitabu alivyouandikia.

Silaha yake ilikuwa Fox ya mitutu miwili, kazi ya fundi Burt Becker. Rafiki yake aliipa jina la Bo-Whoop kwa sababu ya mlio wake mzito.

Marisau hutoka yamesongamana, kisha hutawanyika kadiri yanavyokwenda. Kwa bunduki ya kawaida, ukivuka mita 40 hivi bata anaguswa na chembe mbili tatu tu. Anaruka nazo, anakwenda kufia kwenye matete, na mwindaji anadhani amekosa. Bo-Whoop ilibanwa midomo ili marisau yasiachane mapema, na mwenyewe alikuwa na miaka mingi ya kupima kasi ya ndege. Asiye na bunduki hiyo wala mazoezi hayo, uungwana ni kusubiri bata asogee.

Buckingham alikulia enzi za kuua bila hesabu, lakini ukubwani alipigania idadi ya bata kwa siku ipunguzwe na sheria zisimamiwe kikamilifu.

Desemba 1948, huko Arkansas, sheria hizo zilimgusa mwenyewe. Askari wa wanyamapori walisimamisha gari alimokuwa ili kukagua vibali. Hakukuwa na kosa, ila Bo-Whoop iliwekwa juu ya bodi la gari, ikasahauliwa, gari likaondoka. Aliitafuta sana, wapi!

Alifariki mwaka 1971 bila kuiona tena. Iliibuka baadaye, na mwaka 2010 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000. Mnunuzi hakuipeleka kuwinda. Aliikabidhi Ducks Unlimited, taasisi inayohifadhi makazi ya bata.